Nimelipa milioni 46, deni limepungua milioni 5.7. Nihamishe mkopo wa nyumba au nitulie?

Loleza_Chini

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi na sijapata mtu wa kuliongea naye kazini.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri hapa Mbeya, naishi Uyole. Agosti 2019 nilichukua mkopo wa nyumba, milioni 40, riba asilimia 18 kwa mwaka, miaka 15. Riba inapigwa kwenye salio linalobaki, siyo ile ya kupigwa mara moja kwenye mkopo wote. Rejesho ni 644,000 na ushee kila mwezi, linakatwa kabla mshahara haujanifikia. Sijachelewa hata mwezi mmoja, hata 2020 biashara ya mke wangu ilipoyumba (anachukua mchele Mbarali, anauza Soweto).

Wiki iliyopita nikaenda tawini kuomba taarifa ya mkopo. Kwa miezi 72 nimelipa jumla milioni 46 na laki 3. Salio lililobaki: milioni 34 na laki 3. Nilimwomba yule binti achapishe tena, nikidhani ametoa ya mtu mwingine. Ndiyo hiyo hiyo.

Sasa mwezi wa 7 Benki Kuu imeshusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, na redioni wakasema mikopo itakuwa nafuu. Siku chache baadaye afisa wa benki nyingine akapita ofisini kwetu, anasema wananunua mikopo ya nyumba kwa asilimia 15. Kanipa njia mbili. Ya kwanza, nimalizie miaka 9 iliyobaki kwa rejesho la 581,000. Ya pili, nianze upya miaka 15 kwa rejesho la 480,000. Mke wangu anataka hiyo ya 480, na simlaumu, tuna watoto wawili sekondari.

Maswali yangu: riba ndiyo zinashuka hivi, kwa hiyo nikisubiri mwakani nitapata hata 12? Na kuhama kwenyewe kunalipa kweli? Karibuni.

Fundi_Mbalizi

Pole sana kaka. Ndiyo maana wengi wetu huku tunajenga kwa msingi leo, kuta mwakani, bati mwaka wa tatu. Unakaa kwenye nyumba haina plasta lakini hudaiwi.

Loleza_Chini

Fundi nakuelewa, ila wakati ule tulikuwa tumepanga na tulishahamishwa mara tatu ndani ya miaka minne. Nilitaka watoto watulie sehemu moja.

Kihesa_Juu

Kamwene. Nilikaa idara ya mikopo miaka 11, Iringa mjini kisha Mafinga, nimeshatoka. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali lako nimeulizwa na watu wengi wakiwa wamekaa mbele ya meza yangu, na wengi niliwajibu harakaharaka kwa vile foleni ilikuwa ndefu.

Kwanza hiyo milioni 46. Hujaibiwa. Mwezi wa kwanza ulikuwa na deni la milioni 40. Asilimia 18 kwa mwaka ni 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo riba ya mwezi ule peke yake ilikuwa 600,000. Ukalipa 644,000. Kilichopunguza deni ni 44,000. Mwezi wa pili riba ikapungua kidogo sana, deni likapungua kidogo sana, na hivyo hivyo. Leo ukilipa 644,000, riba inachukua 515,000 na deni linapungua 129,000. Kwa mkataba wako, rejesho litagawanyika nusu kwa nusu ukiwa umebakiza kama miaka minne. Jedwali la marejesho ulilosaini 2019 lina haya yote. Watu wengi husaini bila kulitazama, na maafisa wengi hawalifungui mbele ya mteja. Mimi pia sikulifungua mara nyingi, na hilo najutia.

Pili, riba ya Benki Kuu. Hapa watu wanachanganya sana. Mfumo wa kutumia riba hiyo ulianza Januari 2024, ikawekwa 5.5. Aprili 2024 ikapanda hadi 6. Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Kazi yake ya kwanza ni kuongoza riba ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku 7. Siku saba mkuu, na wewe umekopa miaka 15. Maji ya kutoka kwenye chanzo kile hadi kwenye shamba lako yanapita mifereji mingi, na kila mfereji una mwenyewe.

Hebu tuseme benki yako ni ya huruma kabisa, ikupe punguzo lote hilo la 0.25. Riba yako inakuwa 17.75. Rejesho lako linapungua kama 5,400 kwa mwezi. Kilo mbili za mchele wa Kyela. Kwa hiyo usihame wala kusubiri kwa sababu ya taarifa ile ya redioni.

Kijana_Tunduma

Mkuu Kihesa, basi kinachoamua riba ya nyumba ni nini? Maana mimi nafuatilia video za Wamarekani, wao riba ikishuka kidogo tu watu wote wanakimbia kubadili mkopo.

Kihesa_Juu

Swali zuri dogo. Wamarekani wengi wana mkopo wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika hadi mwisho. Mwanzoni mwa 2021 riba zao zilikuwa chini ya asilimia 3. Benki kuu yao ikaanza kupandisha Machi 2022 kupambana na mfumuko wa bei, na Oktoba 2023 mkopo mpya wa nyumba ukakaribia asilimia 8. Aliyekuwa na ile ya 3 akakataa hata kuuza nyumba, maana akinunua nyingine anakopa kwa 8. Kule mkopo unafuata riba za dhamana za serikali zinazouzwa kila siku kwenye soko kubwa sana, kwa hiyo upepo ukivuma juu, jani la chini linatikisika siku hiyo hiyo. Huku kwetu mikataba mingi ina mstari unaosema benki inaweza kubadili riba kulingana na hali ya soko. Wao wanahesabu akiba ya miaka 30 kwa uhakika, sisi tunahesabu akiba ambayo mwenye benki ana haki ya kuigusa. Kwa hiyo ushauri wa kwenye video zile usiubebe mzima mzima.

Kwetu kinachoamua ni vitu kama vinne, na vyote vinakutana mezani kwa afisa bila mteja kuviona.

Fedha za benki zenyewe. Amana nyingi ni za muda mfupi: mshahara unaingia tarehe 24, tarehe 5 umeshaondoka. Ukimkopesha mtu miaka 15 kwa fedha inayoweza kutolewa kesho, unajipa hatari na unaiweka kwenye riba. Ndiyo sababu ikaanzishwa kampuni ya TMRC mwaka 2010, ambayo kazi yake ni kuyapa mabenki fedha za muda mrefu dhidi ya mikopo ya nyumba waliyokwisha kutoa. Imesaidia kweli. Kabla yake riba za nyumba zilikuwa 22 hadi 24, na mkopo mrefu wa nyumba ulikuwa kitu cha kusikia tu. Miaka ya karibuni tumezoea 15 hadi 19.

Hatifungani za serikali, yaani karatasi ambazo serikali inakopea na kulipa riba. Mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani ya miaka 25 kwa asilimia 15.95. Jiweke kwenye kiti cha mwenye benki: serikali inakupa karibu 16 na haichelewi kulipa, halafu anakuja mtu wa Uyole anaomba umkopeshe nyumba kwa 14. Utamkopesha? Mwaka 2022 riba ya hatifungani ile ikashushwa hadi 12.56. Nilitegemea kwa dhati kwamba riba za nyumba zitaifuata. Hazikuifuata kwa mwendo ule.

Kwa nini? Hapo inaingia mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyotakiwa. Mwaka 2017 ilikuwa zaidi ya asilimia 10 ya mikopo yote nchini, wakati Benki Kuu inataka isizidi 5. Sasa imeshuka chini ya 5, lakini benki iliyoungua haisahau mapema, na kuuza nyumba ya mtu aliyeshindwa kulipa ni safari ndefu: notisi, mnada, zuio la mahakama, mke anasema hakusaini. Gharama ya safari hiyo inalipwa na wewe unayelipa kila mwezi bila kukosa. Hilo linauma lakini ndivyo lilivyo.

La nne ni wewe mwenyewe. Mshahara wa serikali unaopitia benki ile, hati safi, historia ya miaka sita bila kuchelewa. Hicho ndicho kitu pekee kati ya hivi vinne ambacho unaweza kukibeba mkononi ukaenda nacho mezani. Nitarudi hapo.

Mzee_Sao_Hill

Vijana hamjambo. Nimesoma yote, niruhusuni niongeze moja ambalo limeachwa.

Mimi nilikopa 2010 kujenga pale Mafinga, riba ilikuwa zaidi ya 20. Watu walinicheka. Mwaka uliofuata bei zikaruka, Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8. Ilikuwa shida sokoni, sukari na mafuta ya taa vilitutoa jasho. Lakini mbao zangu nazo zilipanda bei, na rejesho la benki lilibaki lile lile. Kufika 2014 rejesho lililokuwa linanitisha likawa kama hela ya kawaida. Bei ziliponyanyuka, deni langu liliyeyuka.

Sasa mfumuko uko karibu asilimia 3. Ni jambo jema sana kwa mama anayekwenda sokoni, sitaki kueleweka vibaya. Ila mwenye mkopo wa 18 aelewe kwamba deni lake haliyeyuki. Mimi nililipa riba ya 20 na kitu bei zikipanda 20, ni kama nilikopa bure. Mwanangu wa Uyole analipa 18 bei zikipanda 3. Huo ni mzigo mzito kuliko wangu ingawa namba yake ni ndogo. Kwa hiyo ana haki ya kutafuta unafuu, asionekane mlalamishi.

Loleza_Chini

Shikamoo mzee. Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nashukuru.

Mzee_Sao_Hill

Marahaba mwanangu.

Dada_Makambako

Naomba niulize, kwa nini serikali isiweke tu sheria kwamba riba ya nyumba isizidi 10? Mbona inatuumiza hivi?

Kihesa_Juu

Dada, Kenya walijaribu Septemba 2016, wakaweka ukomo wa riba: isizidi pointi 4 juu ya riba ya benki kuu yao. Wakaufuta Novemba 2019. Katikati hapo mabenki mengi yaliacha kuwakopesha wadogo, wakapeleka fedha kwenye dhamana za serikali. Aliyekuwa anapata mkopo kwa 18 hakupata kwa 14, alikosa kabisa, wengine wakaishia kwenye mikopo ya simu. Hapa kwetu najua angeishia wapi: kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Natamani riba ishuke kuliko unavyofikiri, ila sipendi ishuke kwenye karatasi tu.

Loleza_Chini

Narudi na namba, nimekaa jana usiku na mke wangu tukaorodhesha gharama za kuhama. Benki ya zamani: ada ya kulipa mkopo kabla ya muda, asilimia 3 ya salio, milioni 1 na elfu 30. Benki mpya: ada ya kuandaa mkopo asilimia 1.5, ni 515,000. Mthamini 350,000. Mwanasheria na kusajili rehani upya 400,000. Bima mpya ya mkopo 500,000. Jumla 2,795,000. Yule afisa aliyekuja ofisini hakutaja hata moja, nimezipata kwa kuuliza moja moja.

Kihesa_Juu

Safi sana, sasa tunaongea.

Njia ya 480,000 itoe mezani kabla ya mambo mengine. Mwambie mama watoto kwa upole, kwa sababu kinachomvutia ni cha kweli: 164,000 kila mwezi inabaki nyumbani. Lakini ulipo sasa umebakiza malipo ya jumla milioni 69 na nusu. Ukianza upya miaka 15 utalipa jumla milioni 86 na nusu. Riba imeshuka pointi tatu nzima na bado unalipa milioni 17 zaidi, kwa sababu umeongeza miaka 6. Nilishuhudia watu wa Gangilonga, wasomi, wakihamisha mkopo mara mbili kwa mtindo huu. Kila mara rejesho linapungua, kila mara wanarudi kwenye ile miaka ya mwanzo ambako karibu fedha yote ni riba. Mtu anafika kustaafu hajaligusa deni.

Njia ya miaka 9. Unaokoa kama 63,000 kwa mwezi. Gawanya gharama zako 2,795,000 kwa 63,000: miezi 44 na kidogo. Maana yake karibu miaka mitatu na miezi minane ya kwanza unarudisha tu gharama ya kuhama, faida inaanza baada ya hapo. Mwisho wa safari unabaki na faida ya milioni 4 hivi. Ni faida, siikatai. Lakini jiulize kama utakuwa bado Uyole. Ukihamishiwa Songea mwaka wa pili ukauza nyumba, umepata hasara.

Na omba nakala ya mkataba mpya, siyo kipeperushi. Tafuta hiyo 15 ni ya muda gani.

Parachichi_Njombe

Samahani kwa kuingilia. Mimi mkopo wangu ni wa kawaida kwa mwezi lakini kipato changu ni cha msimu, parachichi halijui tarehe 25. Nikivuna nalipa kwa mkupuo. Miaka miwili mfululizo niliweka milioni mbili mbili za ziada nikijua napunguza deni. Mwaka wa tatu nikaomba taarifa, salio halijashuka kama nilivyotegemea. Kumbe benki iliziweka pembeni kama malipo ya mbele ya miezi ijayo, riba ikaendelea kupigwa kwenye salio lile lile. Nilipouliza wakasema sikuandika barua ya maelekezo. Nililia pale pale tawini, siogopi kusema.

Kwa hiyo dada na kaka zangu wa kilimo: ukilipa ziada, andika barua, sema fedha hii inapunguza salio la mkopo, wagonge muhuri nakala yako.

Kihesa_Juu

Mama asante sana, na pole. Hilo lina uzito kuliko mjadala wote wa Benki Kuu. Kwa mkopo wa Loleza wa asilimia 18 uliobakiza miaka 9, milioni 1 anayoilipa leo kwenye salio inamfutia marejesho ya miezi 7 na kitu kule mwishoni, kama milioni 4 na laki 7. Hakuna shamba la viazi linalotoa hivyo kwa uhakika. Wengine tunachukua fedha ya mavuno tunanunua kiwanja cha pili huku tunadaiwa 18 kwenye cha kwanza.

Binti_Tukuyu

Ndaga fijo kwa elimu hii. Mimi niongelee hati, maana kaka yangu alihamisha mkopo. Benki mpya ilishalipa, ya zamani ikawa haijatoa hati, na bila hati rehani mpya haisajiliwi. Ilichukua miezi mitano, akawa anazungushwa kati ya matawi mawili. Kabla ya yote hayo aliambiwa alipe kodi ya pango la ardhi ya miaka minne aliyokuwa hajui kama anadaiwa. Na mkewe alitakiwa kusaini ridhaa upya, ile ya kwanza haihesabiki kwa rehani nyingine. Kaka Loleza, kabla ya kusaini chochote, cheki kodi ya kiwanja.

Fundi_Mbalizi

Na mthamini asipuuzwe. Nyumba nyingi kando ya barabara kuu zimebadilika thamani tangu upanuzi wa njia nne wa Nsalaga hadi Ifisi uanze. Wengine zimepanda, wengine fremu zao za mbele zimekuwa shida. Mthamini wa benki anatazama pia bei ya kuuza haraka, siyo bei unayoitamani wewe. Nimemjengea mtu nyumba ya milioni 90 ikathaminiwa kwa kuuza haraka milioni 60.

Kijana_Tunduma

Halafu mkuu hujajibu hili la kusubiri. Kama riba ya Benki Kuu imeanza kushuka, si itaendelea? Akihama leo kwa 15, mwakani ikawa 12?

Kihesa_Juu

Dogo, inaweza kushuka, inaweza kukaa, inaweza kupanda kama ilivyopanda Aprili 2024. Benki Kuu inatazama mfumuko usitoke kwenye 3 hadi 5, na inatazama shilingi. Unaishi Tunduma, unajua dola ilivyotusumbua 2023 na 2024. Mafuta yakipanda duniani au shilingi ikidhoofika tena, mkono unarudi juu. Mtu anayesubiri analipa gharama ya kusubiri kila mwezi: kwa Loleza ni zile 63,000. Asubiri kama ana sababu inayomhusu yeye, kwa mfano ada ya kulipa mapema inaisha mwezi fulani kwenye mkataba. Mikataba mingine ina kipengele hicho. Soma.

Sasa nirudi kwenye kitu unachoweza kubeba mkononi. Loleza, chukua barua ya ofa ya ile benki ya 15, taarifa ya mkopo yenye miezi 72 isiyo na doa, na barua ya nyongeza ya mshahara kama unayo. Nenda kwa meneja wa benki yako, siyo dirishani. Mwambie: nimepewa ofa hii, ningependa kubaki, mnaweza kunishusha hadi ngapi? Meneja anajua kwamba mteja kama wewe akiondoka anaondoka na mshahara wake. Nikiwa ndani niliona watu wakishushiwa pointi moja hadi mbili kwa kuomba tu. Wengi hawaombi. Wanadhani riba ni kama nauli ya basi.

Loleza_Chini

Nimewaelewa. Jumatatu naomba ruhusa kazini. Nitaleta mrejesho.

Loleza_Chini

Wakuu, imepita wiki tatu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Meneja alinisikiliza. Mara ya kwanza akasema haiwezekani, mara ya pili akaomba nimwachie nakala ya ofa, mara ya tatu akanipigia yeye. Wamenishusha kutoka 18 hadi 16.5, ada ya kubadili mkataba 150,000, hakuna mthamini, hakuna hati kutoka. Rejesho jipya lingekuwa 612,000.

Nikasoma pia mkataba wa ile benki nyingine kama Kihesa alivyosisitiza. Hiyo 15 ni ya miezi 24, baada ya hapo inabadilika kulingana na hali ya soko. Halikuwa kwenye kipeperushi.

Dada_Makambako

Hongera kaka! Lakini nimejaribu kupiga hesabu, ungehama kwa 15 na ukaendelea kulipa 644 ile ile, ungeokoa milioni 9 na kitu hata baada ya gharama. Kwa nini umechukua 16.5?

Loleza_Chini

Dada uko sahihi, nami nilifika hapo hapo, karibu milioni 9.8. Kwa 16.5 nikiendelea kulipa 644,000 bila kushusha, namaliza miezi 11 mapema na naokoa milioni 7 na kitu. Tofauti ni milioni mbili na nusu. Lakini ile 9.8 inasimama tu kama 15 itabaki 15 kwa zaidi ya miaka saba, na nimeahidiwa miwili. Na hii 16.5 nayo inaweza kuguswa, nalijua, ila sijatoa milioni 2.8 kuipata, na hati yangu haijatoka kabatini. Baada ya kusoma habari ya kaka yake Binti Tukuyu mke wangu alisema hilo la hati peke yake linatosha.

Zile 32,000 ambazo rejesho lingepungua hatuzichukui. Na kila Julai mke wangu akimaliza mauzo ya mchele wa Mbarali tutaongeza tunachoweza, tumeanza na laki 8.

Parachichi_Njombe

Hongera sana mwanangu. Barua umeandika?

Loleza_Chini

Nimeandika mbili, mama. Moja ya kubaki na rejesho la 644,000, maana mfumo wao ungelishusha wenyewe hadi 612,000. Ya pili ya hizo laki 8.

Parachichi_Njombe

Kwenye hiyo ya pili umesema kupunguza rejesho au kupunguza muda?

Loleza_Chini

Kupunguza muda. Nimepigia mstari, na nakala yangu ina muhuri wa tarehe 9.